Sauti ya Baba Kwenye Flashi

Nyamongo, Jumanne

Dada yangu Theodora,

Shikamoo. Nakuamkia tena, shikamoo dada, maana kwa haya ninayokuja kuyasema moja haitoshi. Magoti yanaendeleaje? Na tembo wameacha kuingia kwenye mihogo yako? Sisi huku wazima. Shemeji yako Limbu bado anashuka shimoni kila siku, hajaona kitu zaidi ya tope, lakini akirudi anakula kama mtu aliyeona dhahabu. Chapati zangu zinatoka. Nyangwine jirani yangu amerudiana na yule mume wake, ila hiyo nitakusimulia tukionana, leo nimejikataza.

Usishangae barua wakati simu ninayo. Mambo mengine mdomo unayakataa, hata huu wangu. Ndiyo nimeshika kalamu, na mwandiko wangu unaujua, kama kuku katoka kwenye tope. Ndani ya barua nimefunga flashi. Ndiyo, ileile.

Unakumbuka siku mimi na Limbu tulivyokuja hapo Nyansurura kwa baba, wewe uko shambani, akatoa litungu lake la nyuzi akatupigia pale uani, na Limbu akamrekodi kwa simu, baadaye akahamishia kwenye flashi. Simu yenyewe ikaja kuzama kwenye maji ya shimo, ikabaki flashi peke yake. Baba naye ndiyo hivyo tena. Wewe uliniomba jambo moja tu kwa ajili ya Jumamosi hii ya kujengea kaburi, nilete flashi tuweke kwenye sabufa, wajukuu wamsikie babu yao.

Nikaipeleka kwa Dullah, yule Mtanga wa duka la kutoa kopi, aitengeneze vizuri ili sabufa iweze kuisoma. Akaichomeka. Kompyuta ikalia tii, kama inavyolia ikipata kitu, halafu kimya. Akaichomeka tundu la nyuma, tii, kimya. Akaizima akaiwasha upya. Akaifuta flashi ile midomo yake ya shaba kwa kifutio cha wanafunzi. Wapi! Hapo mimi nikaanza kelele, eti ameiunguza na umeme wake mbovu. Sikufika hata nyumbani, wauza mboga wote walikuwa wameshajua kwamba Dullah ameua sauti ya baba yangu. Ndipo nikakupigia nikakwambia flashi imekufa. Ukasema basi, tumemzika mara ya pili. Nilikusikia unalia, dada.

Siku hiyo nilisema kweli nilivyojua. Lakini kesho yake Dullah akaniita, wala hakuninunia. Akasema flashi haijafa. Kila kinachochomekwa kwenye kompyuta hupewa herufi yake ndiyo kifunguke, sasa hii kompyuta ilikuwa inaiona ila haikuipa herufi. Ni kama mgeni yuko mlangoni, wenye nyumba wanamwona, lakini hawajui wamwite nani, basi wanamwacha amesimama. Akaingia huko ndani kwenye mipangilio, akaipa herufi. Ikafunguka palepale.

Akaachia sauti yote. Litungu likajaa duka! Nililia mpaka nikapenga kwenye kanga. Walikuwepo vijana wawili wa machimboni wamekuja kupiga picha za kitambulisho, Wakurya wenzetu, wakaanza kutikisa mabega. Halafu katikati ya nyuzi nikasikia mwanamke anaongea. Nikasema nani huyu asiye na adabu anaongea juu ya litungu la mzee?

Dada, ni mimi.

Nilikuwa namnong'oneza Limbu, na Limbu kashika simu mkononi. Namwambia Theodora huyu huja na kilo moja ya sukari akaondoka na mbuzi, halafu eti ndiye mwenye uchungu na baba. Wale vijana walicheka mpaka mmoja picha yake ikaharibika. Dullah akaniuliza kwa upole, Mama Maige, huyo Theodora si ndiye dada unayempelekea?

Nilimwomba anikate nitoke humo. Akasema kunikata anaweza, ila nilipoongea mimi baba alinijibu juu kwa juu, na mkasi ukipita utatuchukua wote wawili. Nikamwambia basi iache. Nikaifunga flashi kwenye pindo la kanga. Jioni ukanipigia tena, ukaniuliza hakuna fundi mwingine, hata wa Tarime au Mugumu? Nikakujibu imekufa kabisa, dada, tumwachie Mungu. Nilikuwa nimeishika mkononi nikisema hivyo. Nzima. Ndicho ninachokionea haya mpaka sasa, kuliko hata ile sukari na mbuzi.

Kilichonishinda ni majibu ya baba, niliyokuwa nimeyasahau. Alisimamisha nyuzi akaongea kwa Kiswahili ili mkwe naye asikie. Alisema mbuzi alikupa yeye, kwa mkono wake, maana miguu ilipomkataa wewe ndiye uliyekuwa unamwogesha. Akasema sukari yako ndiyo anayonywea uji. Na mimi je? Nyangi yeye huniletea habari, akasema, na habari haziogeshi mtu. Halafu akacheka kile kicheko chake, akarudi kwenye wimbo.

Nikawaza, maneno hayo baba hakuwahi kukwambia usoni, na mimi nimeyakalia kwenye kanga.

Sospeter wa bodaboda ndiye anayekuletea. Isikilize kwanza peke yako. Ukiamua watu wasiisikie, sawa. Ila kama unaniuliza mimi, Jumamosi ipigwe yote, na nikianza kuongea usipunguze sauti. Nitakuwa jikoni na wanawake, watanicheka, mimi nimewacheka wangapi? Dullah nimeshamwomba radhi mbele ya wauza mboga, na mmoja akaniambia nirudie hakusikia vizuri. Nikarudia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani, hata wale niliowasema. Limbu anakusalimia, anasema kuanzia sasa akirekodi atanifukuza kwanza.

Ijumaa nakuja na sukari. Mbuzi usinifungie.

Ni mimi mdogo wako wa mdomo,
Nyangi