Mume Wangu Alikuwa Shofere, Sasa Shofere Ni Mimi

Mpendwa Mama Claris, naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo wazee wa kanisa watarudi nyumbani kwangu na wanataka neno moja tu, ndiyo au hapana.

Naitwa Cibalonza, tuko Louisville mwaka wa nne sasa, mume wangu ni Bagula, tuna watoto watatu, mkubwa ni Alliance wa miaka kumi na nne. Kule kwetu Bagula alikuwa shofere wa lori, Bukavu mpaka Uvira, miaka kumi na mbili, na si shofere wa mchezo, wamama wa soko walikuwa wanangojea lori lake wakiacha mengine yapite. Bon, hapa Amerika amefanya mtihani wa barabarani mara tatu na mara tatu ameanguka kwa kosa lilelile, akifika kwenye kibao cha stop hasimami, anapunguza mwendo, anachungulia, anapita. Lakini motokari tulinunua na akawa anaiendesha hivyohivyo bila permi, ile leseni ya udereva. Mimi nikajifunza kwa siri na mama mmoja Mburundi tunayefunga naye maboksi ghalani, tulikuwa tunatumia uwanja wa kanisa baada ya kazi, nyumbani nasema niko mazoezi ya kwaya, na nilifaulu mara ya kwanza. Miezi minane permi yangu ilikaa ndani ya Biblia. Sikuogopa mkono wake, hajawahi kunipiga, niliogopa kumvunja moyo.

Mwezi wa tatu tulialikwa Buffalo, binti ya ndugu yake alikuwa anaolewa. Bagula akaendesha mpaka Columbus kumchukua dada yake mkubwa, na tulipotoka pale kwa dada akapita kibao cha stop kama kawaida yake, mama mmoja alikuwa anavuka na mtoto kwenye kigari, Alliance akapiga kelele "Dad, stop!" na motokari ikasimama hatua moja tu kutoka kwa yule mtoto. Sufuria ya mboga ya sombe ikamwagikia miguu ya dada. Yule mama hata hakututukana, alisimama tu ameshika kigari.

Nikasema, "Baba Alliance, shuka. Nipe funguo."

"Nikupe funguo ya nini? Utaitia kwa chungu? Mimi nilipitisha lori mlima wa Ngomo na mvua!"

Nikatoa Biblia mkobani, nikaifungua, nikamwonyesha permi. Aliiangalia sana, akaigeuza, akaangalia picha yangu, akaniangalia mimi, kisha akashuka. Nikaendesha mpaka Buffalo, mama, theluji ilitukuta karibu na ziwa, malori yananipita yananirushia maji machafu. Tulipofika Grant Street, kule Buffalo, bashemeji walitoka dukani kwao wakapiga vigelegele.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Kwenye sherehe mshereheshaji akauliza nani ametuleta katika theluji hii, nikachukua maikrofoni nikasema, "Shofere ni mimi, baba Alliance alinishikia mkoba." Ukumbi wote ukacheka mpaka machozi. Bagula akaweka sahani chini. Alirudi Louisville na basi, peke yake.

Ni wiki ya tatu sasa, hapandi motokari yangu, anaamka saa nzima mapema apate kiti kwenye gari la wenzake wa kiwandani, na mezani anasema, "Alliance, ambia mama yako chumvi imepunguka," na mtoto anamjibu, "She's right there, Dad." Mzee Sylveri wa kanisa amekuja na mke wake, akasema, "Mama, rudisha funguo, amani irudi." Sijuti kuendesha, donc nisiseme uongo. Lakini namtaka mume wangu. Nirudishe funguo?

Cibalonza, Louisville

*

Dada Cibalonza,

Hapana. Hilo ndilo neno la kuwapa wazee, na nilikupigia simu Alhamisi nikakwambia hivyo, kwa sababu barua kama yako haingoji gazeti.

Mtu asiye na permi hapewi ufunguo, hata awe kichwa cha nyumba, hata awe askofu. Mzee Sylveri ni mtu mwema, lakini hakuwepo Columbus. Mimi ninaishi hapa Columbus, na watoto wa kwenye vigari hupita mbele ya mlango wangu kila asubuhi.

Usianze kutabasamu, sijamaliza. Miezi minane ulikaa kiti cha abiria, watoto wako nyuma, permi ndani ya Biblia, ukamwacha aendeshe. Ati moyo wake! Na ule mzaha? Ulichukua jina lake la shofere, kitu pekee alichofika nacho Amerika kikiwa kizima, ukakitupa mbele ya bashemeji wachekelee. Kwa hayo mawili nilikuagiza umwombe msamaha, wewe kwa mdomo wako, bila Alliance kuwa mkalimani. Kwa kuendesha, usiombe.

Umenieleza jinsi Jumamosi ilivyokwenda. Wazee walikaa, chai ikamiminwa, na kabla hujafungua mdomo Bagula akasema, "Muzee, mimi sina permi. Yule mutoto wa Columbus naye alikuwa na mama yake. Funguo ikae kwa mwenye permi." Halafu akakugeukia, mara ya kwanza baada ya wiki tatu: "Lakini ile maikrofoni, Cibalonza, iliniuma." Ukalia, ukamwomba msamaha. Vizuri. Ulistahili kulia kidogo.

Mume kama huyo si wa kupoteza. Sasa fanya hivi. Mwambie akufundishe kubadilisha gurudumu na kusikiliza injini, maana hayo huyajui na yeye anayajua usingizini. Nawe kila Jumapili baada ya ibada mpeleke palepale uwanjani, weka ndoo iwe kibao cha stop, asimame kabisa, ahesabu mpaka tatu kwa sauti, ndipo aondoke. Afanye mara hamsini. Akinuna, mara sitini.

Siku ya mtihani mwendeshe wewe. Akifaulu, mpe ufunguo palepale, kaa upande wa abiria, funga mkanda, unyamaze. Akianguka tena, mrudishe nyumbani, na unyamaze vilevile.

Claris Nyaboke