Mlenda wa Mama Bila Chumvi

Nachingwea, Jumanne

Kaka yangu mpendwa Eusebio,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba korosho za huko Chinongwe zimeanza kuanguka. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, mkono wa kushoto bado mzito, lakini jana alishika kikombe mwenyewe. Najua ungetaka nipige simu, ila kwenye simu hunikatisha, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Tangu Mama ahamie kwangu baada ya ile presha kumwangusha, tunaongea ya zamani tu. Unakumbuka tulivyochoma maganda ya mbaazi, yeye akachuja majivu kwenye chungu kilichotobolewa, yale maji yake, magadi yetu ya kienyeji, yakaingia kwenye mlenda? Ukiuvuta kwa tonge unakufuata mpaka mdomoni. Wewe ulikuwa ukimaliza wako unavamia wangu. Nimeyakumbuka sana maisha yale, kaka, hata jikoni najikuta nacheka peke yangu.

Juzi nilimpeleka kliniki. Muuguzi akasema figo zake ni salama, kwa hiyo aendelee na ndizi, mbaazi, mchicha na viazi vitamu, maana vina potasiamu, nayo inausaidia mwili kuitoa sodiamu. Nikamwambia hivyo vyote wifi Goreti, mkeo, alikuwa akimpikia huko kwenu, na chumvi aliiacha kabisa. Akashangaa, akauliza sodiamu ilipitia wapi basi. Akataja samaki wa chumvi, nikakataa. Akataja magadi, nikamwomba arudie.

Kaka, magadi nilimpelekea mimi. Mama alikuwa akinilalamikia kwamba mlenda bila chumvi ni kama kula majani, na mimi sikuweza kumwona akisukuma bakuli. Kila nilipokuja kuwatembelea nilimnunulia magadi ya dukani, nikamfungia kwenye pindo la khanga yake, nikamwambia atie ya kutosha kwenye chungu chake, hayo si chumvi, tumekulia nayo. Kumbe sodiamu imejaa humo humo.

Presha ilipomwangusha, wewe ulisema Goreti anamtilia Mama chumvi kwa siri, ukamrudisha kwao Lionja. Mimi nilikuwepo na sikufungua mdomo. Kunisamehe mimi kunaweza kusubiri. Mfuate yeye kwanza, na uende mwenyewe, usitume mtu.

Maana bado sijakwambia lililo baya zaidi. Goreti aliyaona yale magadi mapema. Aliniomba kwa upole tuulize kliniki kwanza, nikamjibu asinifundishe kumtunza mama yangu. Siku ile unamfukuza alinitazama, nikainamisha macho. Akafunga mzigo wake, akaondoka bila kunitaja.

Wasalimie watoto, waambie bibi yao anawaulizia kila siku. Mungu akutangulie katika safari ya Lionja.

Mimi mdogo wako,
Koleta