Hodi kwenye Boneti

Baba yangu,

Nimenunua gari. Najua hutaniuliza rangi wala bei. Utauliza kama nilibisha hodi kwanza. Nilibisha, Baba, tena mbele za watu.

Miaka yote ile ya ufundi sikukuona ukifungua boneti kabla ya kuigonga mara mbili kwa vifundo vya vidole na kusema, "Hodi." Ulishikilia kwamba gari lisilobishiwa hodi humficha fundi ugonjwa. Jumamosi ulipoleta gari la mteja pale kwetu Free Area, Mama alikuwa anakujibu kutoka jikoni kwa sauti nzito, eti yeye ndiye gari: "Karibu, lakini usiniguze mbavu!" Mlicheka kila Jumamosi kama mara ya kwanza. Mimi nilikuwa naona aibu, hasa mwenye gari akiwa amesimama hapo hapo.

Halafu mlikuwa na ule mtihani wenu wa mayai kwa kila gari ulilotengeneza. Mama alikaa mbele na trei ya mayai ya kuku wake mapajani, anampelekea dada yake Njoro, nawe ukaendesha juu ya kila tuta bila huruma. "Baba Njeri, polepole!" alipiga kelele. Ulimjibu kwamba mteja anaweza kukudanganya, lakini yai halijui uongo.

Tangu tukuzike kule shambani Njoro, Mama alikuwa amekuja kukuona mara moja tu. Sikuwahi kukwambia sababu. Nyonga yake imekataa kabisa, na siku ile tulikuwa na gari la binamu yangu, lile lililolala chini kama kenge. Wakati wa kutoka garini ilibidi tumshike makwapa, mmoja huku na mwingine kule, tumvute, na watu wa kanisa waliotusindikiza wote wanatazama. Tulipofika nyumbani alinigeukia. "Mimi si gunia ya viazi," akaniambia. Miezi minane hakukanyaga tena ndani ya gari. Kila Jumapili alivaa vizuri, akakaa sebuleni na redio yake. Niliumia sana, Baba.

Kwa hiyo nilipopata uwezo wa kununua gari, nilianza na kiti chake kirefu cha jikoni. Akikalia hicho tu ndipo huinuka peke yake bila kuguna. Nilikipima urefu kwa kamba ya katani, nikafunga fundo pale kilipoishia, nikaitia kamba mkobani na kuanza kuzunguka yadi za magari. Magari madogo ya kawaida, kiti kilikuwa chini ya fundo. Yale makubwa ya kwenda porini, ingebidi Mama apande kama anayepanda lori la ngano. Nilikaribia kukata tamaa.

Ndipo nikafika kwa hili. Wanaliita SUV ndogo ya kifahari. Najua ungenuna hapo kwenye ufahari. Nilibisha hodi kwenye boneti, na kijana muuzaji, suti imembana, akaitikia kwa haraka, "Karibu, madam! Hii ni premium. Leather seats, sunroof, yaani ukiingia unasahau shida zote." Alipoona nimechuchumaa na kamba mlangoni akapotea kabisa. "Sasa madam, hapo unapima nini?"

"Napima mamangu," nikamwambia. Fundo lilikuja sawasawa na ukingo wa kiti.

Usidhani nilinunua kwa kamba tu. Niliomba kuliendesha hadi njia ya Njoro, nayo trei ya mayai kwenye kiti cha nyuma. Kijana alilia kuhusu ngozi ya viti vyake, nikamtandikia gazeti. Breki zinashika vizuri, na usukani ni mwepesi hata katikati ya mji siku ya soko. Halilewi petroli kama nilivyoogopa. Matuta linayapanda bila kukwaruza tumbo, ila kwenye changarawe magurudumu yake membamba yanakutikisa meno. Kioo cha nyuma ni kidogo, na kuna kamera inayonifokea kila nikisogelea ua wa mtu. Shangazi zangu watatu hawatatoshea nyuma, labda wagombane kwanza. Injini nayo wameifunika plastiki kama mtu mwenye barakoa. Ungekasirika! Lakini nilimuuliza rafiki yako wa gereji kama spea zinapatikana hapa Nakuru, akasema zinapatikana, nisisikilize za watu. Mayai mawili yalipata ufa. Kwako huko kungekuwa kufaulu mtihani, tena kwa kulalamikiwa.

Leo asubuhi nililiegesha mbele ya mlango. Mama akatoka na mkongojo wake, amevaa lile koti la kijani ulilomnunulia. Nilifungua mlango wa mbele, nikarudi nyuma hatua tatu na kuficha mikono mgongoni, maana ilikuwa inataka kumshika. Alilizunguka gari polepole. Kisha akagonga boneti mara mbili.

"Hodi."

Akasubiri. Nilisubiri pia. Kuku walikuwa wanakwaruza kando ya ua.

"Kwani hii gari yako haina adabu?" akaniuliza.

Nikatoa sauti nzito kama yake ya zamani. "Karibu. Lakini usiniguze mbavu."

Alicheka mpaka akauegemea mlango. Kisha akageuka, akakaa kwanza, akaingiza mguu mmoja, akapumzika, akauinua ule mwingine kwa mikono yake mwenyewe. Akafunga mkanda.

"Sasa leta mayai," akasema. "Twende kwa Baba Njeri."

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, hapa nje ya shamba. Kutoka hapa namwona amesimama kando ya kaburi lako, anakusimulia kitu kirefu huku akinionyesha kwa mkongojo. Nadhani nasengenywa. Sasa anaita, anasema mvua inakuja na dada yake anangoja mayai. Alishuka mwenyewe, na kurudi nitamwacha apande mwenyewe. Jumapili ijayo tuko hapa tena, hilo ameshaniamuru.

Pumzika vyema, Baba. Mayai yamefika mazima, na aliyeyapakata pia.

Binti yako,
Njeri