Jogoo wa Mama Kulwa

Alhamisi, Tunduma. Wingu limetanda tangu asubuhi na upepo unatoka upande wa Zambia, lakini mvua haijashuka. Naomba ichelewe.

Leo kamati yetu ya maafa imekaa. Mimi ni afisa mipango wa halmashauri, mmoja wa wale wanaosema hela iende wapi. Mezani kulikuwa na mambo mawili na fedha za jambo moja: daraja dogo la waenda kwa miguu kule bondeni kwa wafugaji, ambako mto ukijaa hakuna anayefika zahanati, au kumwaga kifusi kwenye barabara ya malori ya chumvi.

Malori yanalipa ushuru. Wajawazito hawalipi. Hakuna aliyesema hivyo, maana sisi ni watu wenye adabu. Tulikunywa chai tukitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake atoe sababu itakayotuwezesha kulala usingizi.

Nikaitoa mimi. Nilisema, "Wale ni watu wa kuhamahama. Mvua zikichanganya hawatakuwepo."

Uongo.

Nimefika kwao mwaka huu, nikala ugali ndani ya nyumba ya tofali iliyoezekwa bati. Hawahami. Lakini kikao kilishusha pumzi, barabara ikapita.

Kutoka nje, namkuta Mama Kulwa getini, yule yule aliyenipikia ugali. Nikamwamkia. Akanikabidhi jogoo mweupe, miguu imefungwa kamba.

"Mwenyekiti wetu wa kijiji katuambia leo mnakalia habari ya mto wetu," akasema. "Mkwe wangu ana mimba kubwa, mwanangu. Nilikuwa silali. Nikaona nisije mikono mitupu."

Nikasema, "Asante, mama."

Basi. Nikampokea jogoo kwa mikono miwili, kama mama yangu alivyonifundisha.

Shukrani ya punda ni mateke, na leo punda ni mimi. Mke wangu ameuliza kama amchinje. Nimemjibu kwa ukali, na wala hajui kosa lake. Jogoo yupo mlangoni pa jiko, anadonoa mahindi yangu bila kinyongo.

Kesho namrudisha. Nitamwambia Mama Kulwa ni nani aliyesema yale maneno, na kwamba mkwe wake aje mapema akae hapa kwetu mpaka ajifungue. Kisha nirudi kwenye kamati nikayakane. Daraja huenda lisirudi mezani.

Mto bado unavukika kwa miguu. Nitavua viatu, nivuke nikamwambie.