Giza Nililomwomba Shangazi

Jumamosi, kiangazi kinaelekea ukingoni. Joto la Kolwezi leo lilikuwa la kukera, na vumbi la malori limeingia mpaka kwenye sukari. Jioni anga la hapa linageuka rangi ya machungwa kwa sababu ya taa za mgodi. Nyota ninazoziona nikisimama mlangoni kwangu naweza kuzipa majina ya wajomba zangu, na bado wajomba watabaki.

Nimezima kompyuta mapema. Nina huzuni, na naandika ili niache kuizungukazunguka humu chumbani.

Kwa msomaji mgeni, kama yupo, darubini yangu haiko hapa. Iko Mutshatsha, mji mdogo wa reli usio na taa za mgodi, kwa dada wa marehemu baba yangu. Sisi wa asili ya Kasai shangazi tunamwita tatu mukaji, yaani baba mwanamke, na kweli huyu ndiye baba niliyebaki naye. Mumewe alikuwa mtu wa reli. Alipofariki, shangazi alikataa kuhama. Ndugu wengine walisharudi Kasai, wengine wako Lubumbashi. Mimi ni fundi wa vipimo mgodini, sina mke, na likizo zangu ni fupi.

Uani kwake nilijenga kibanda cha mbao chenye paa la bati linaloteleza kwa mota. Ndani kuna darubini, kamera, betri ya sola na kompyuta ndogo inayotumia mtandao wa simu. Mimi nabonyeza hapa Kolwezi, paa linafunguka kule. Darubini inageuka, inashika nyota moja na kuifuata, na kamera inakusanya mwanga dakika kadhaa kwa kila picha. Picha nyingi zikiunganishwa, ndipo kitu hafifu kinapojitokeza. Kiangazi hiki chote nimekuwa nikikusanya mwanga wa wingu moja la gesi katika kundi la nyota la Mshale. Nilibakiza jioni chache tu. Mvua zikishaanza, na Mshale nao ukishuka magharibi, ni mpaka mwakani.

Kazi hii inataka giza. Kwa hiyo nilimwomba shangazi jambo moja: jioni asiwashe taa ya nje, na apike mapema, azime makaa kabla giza halijaingia, maana moshi na joto vinaharibu picha. Akakubali. Tangu siku hiyo nampigia simu kila jioni kumuuliza kama kuna mawingu. Ananijibu, namshukuru, nakata, nafungua paa.

Nilijiona mpwa mwema kweli.

Leo pia alinijibu kwamba mbingu ni safi. Picha ya kwanza ikaja nzuri. Ya pili ikawa na weupe upande mmoja. Ya tatu yote ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, nyota zimevimba. Nilidhani kamera imeharibika. Nikafungua ile kamera ndogo ya ulinzi niliyoifunga pembeni ya kibanda ili kuhakikisha paa limefunguka vizuri. Taa ya nje ilikuwa inawaka. Chini yake ilikuwepo mbabula, lile jiko letu la makaa, nyekundu kabisa, na akina mama wanne au watano wameizunguka kwenye viti vya plastiki, wanachoma viazi vitamu. Kamera ile haina sauti. Niliona tu mabega yao yakitikisika kwa kicheko.

Nilikasirika. Naandika hivyohivyo bila kupamba. Kiangazi kizima nimengoja, jioni zinahesabika, na yeye amechagua leo! Nikampigia. Kwenye skrini nikamwona akishtuka, akiinuka, akienda nyuma ya nyumba ili anisikie vizuri.

"Tatu mukaji, juu ya nini taa inawaka? Si tulisikilizana?" Niliuliza kwa sauti ambayo mtu hamtolei shangazi yake.

Alinijibu akiniita tata, yaani baba, kama kawaida yake.

"Unisamehe, tata. Ba mama ba kanisa balikuya kuniuliza kama nimekasirikia bo. Banasema, miezi yote hii lupango yangu inakuwaka na giza, mbabula hapana. Sasa nani atakuya?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu hakuna anayetuma mwaliko wa jioni. Mbabula ikiwaka kwenye lupango, yaani uani, jirani anajua mko tayari kupokea watu, anabeba kiti chake na kuja. Uani kukiwa giza siku baada ya siku, na hakuna ugonjwa uliosikika, watu wanaelewa kwamba mwenye nyumba ana neno moyoni, na wanamwachia nafasi. Nimekulia katika hayo. Mama yangu alikuwa akitoa mbabula nje hata siku ambayo hatuna cha kupika. Halafu mimi, mtoto wa nyumba hiyo, nikayatazama makaa ya shangazi nikaona moshi tu.

Kumbe kiangazi kizima amekula mapema, akazima makaa, akakaa gizani peke yake akisikiliza mota ya paa langu.

Nikamuuliza, safari hii kwa upole, kwa nini hakuniambia.

"Niliogopa," akasema. "Nilisema mu roho: nikikataa, atakuya kutosha mashini yake. Kiisha atanipigia tena telefone juu ya nini?"

Kutosha, kwa Kiswahili chetu, ni kuondoa.

Nilimwambia arudi kwa wageni wake kabla viazi havijaungua. Akaniuliza kama azime taa kwanza. Nikasema hapana, aiache iwake, leo na kesho na siku zote, na mbabula vilevile. Akauliza tena, maana hakuniamini. Ilibidi niapie jina la baba ndipo akakubali.

Nikamwona akirudi. Mama mmoja alimsogezea kiti, mwingine akampa kiazi, akawa anakipuliza akikihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Kisha akageukia kibanda na kuinua mkono, akinipungia. Nami nikampungia, humu chumbani, mbele ya skrini, kama mjinga. Nikafunga paa. Lilipoanza kuteleza, wote waligeuka kulitazama, halafu wakarudia mazungumzo yao. Ningeweza kubaki nikiwaangalia, nilitamani sana kubaki, lakini si adabu kuwachungulia akina mama. Nikazima.

Wingu la Mshale halitakamilika mwaka huu. Inaniuma, siwezi kudanganya. Nimeunganisha picha nilizonazo, na umbo lake linaonekana, ila limejaa chembechembe kama bukari, ugali wetu, iliyosongwa kwa haraka. Labda siku moja nitakihamishia kibanda shambani, mbali na nyumba. Leo sitaki hata kuliwaza.

Linalonikosesha raha ni jingine. Nimejaribu kukumbuka mazungumzo yetu yoyote ya kiangazi hiki ambayo hayakuwa ya mawingu. Sikuyapata. Mguu wake ulikuwa unamsumbua nilipokuwa najenga kibanda, akichechemea kuniletea maji. Sijui kama ulipona. Nimeongea naye karibu kila jioni na sijui. Wale mama waliokuja na viti vyao wanajua, bila shaka, na walikuwa wamemkosea nini hata niwafukuze?

Na mimi je? Nilikuwa nasema nimezoea kuishi peke yangu, kwamba darubini inanitosha. Leo nimeona watu wakila viazi kwenye skrini ndogo na nimetamani kuwa na kiti pale.

Kesho ni Jumapili. Nitampigia shangazi mchana, akishatoka kanisani, wakati jua liko juu na hakuna nyota ya kuulizia. Nimekuwa nikiyajaribu maneno hapa kwa sauti, kama mtu anayeenda kuomba kazi. Salamu ninazo, na swali la mguu ninalo. Baada ya hapo, sijui nitamwambia nini.