Zamu ya Kumpakata

Jumapili, 9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na kwamba ile fimbo unaitembelea badala ya kuitundika mlangoni. Mimi ni mzima, ila kazi inanichosha.

Uliniuliza wodi yetu ya watoto wachanga imebadilika vipi. Tunapokea watoto ambao mama zao walitumia dawa kali za maumivu hadi mwili ukazizoea. Mtoto akizaliwa, dawa inakatika ghafla: anatetemeka, analia kwa sauti nyembamba, kunyonya kunamshinda. Zamani tulimtenga na mama yake chini ya taa kali, tukampa morfini, dawa kali ya jamii ileile. Sasa tunajiuliza kwanza kama ananyonya, analala, na akibembelezwa anatulia. Mama anakaa naye kwenye mwanga hafifu, kifua kwa kifua, na wengi hawaihitaji tena morfini.

Muuguzi mkuu tunamwita Bi Kimya. Juzi alimwambia daktari avue viatu, maana vinalia kuliko watoto. Daktari akazunguka wodi na soksi, moja imetoboka, akinong'ona kwamba leo ameumbuka.

Shida ni kwamba mama naye lazima alale, na mtoto akilazwa peke yake anaanza upya. Hapo ndipo jamaa hushika zamu ya kumpakata. Mtoto wa chumba cha mwisho hana jamaa wa mchana. Mimi nampakata jioni nikishavua sare, kwa sababu nikiwa kazini kanuni hainiruhusu kumhudumia ndugu yangu.

Ndiyo, Mama. Ni mtoto wa mdogo wangu. Ulisema jina la mdogo wangu lisitajwe nyumbani kwako, nami sijalitaja. Vidonge alipewa baada ya ile ajali, kuviacha kukamshinda. Sasa anatibiwa kliniki na hakosi. Daktari anasema mtoto asipotulia, kesho kutwa ataanzishiwa morfini. Mdogo wangu alinikataza kukuandikia, eti utakuja kumsema tu. Nikamwambia ukithubutu, Bi Kimya atakutoa nje.

Jana mtoto alitulia nilipomwimbia ule wimbo wako wa kutubembelezea. Ubeti wa pili nimeusahau, na mama yake pia. Tulirudia wa kwanza mpaka akasinzia.

Njoo na huo ubeti wa pili, Mama. Nisalimie majirani wote, na ufunge mlango vizuri ukitoka.

Ni mimi,
mwanao mkubwa