Kamera Iliyoona Doa la Mama

Chumbani kwangu, juu ya duka la miwani
Jumapili mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la wifi limepungua uvimbe tangu alipoteleza pale ngazini. Mwambie asijitie ushujaa. Apumzike, vyombo vioshwe na wengine, na wewe uwe mmoja wao. Watoto waambie shangazi yao anawasalimu sana, na yule kitindamimba aache kula chaki kama bado anaendelea. Mimi sijambo. Macho ya watu yanaharibika kila siku, kwa hiyo kazi ipo, na mashine yangu ya kukatia lenzi inanguruma kuanzia asubuhi mpaka tunapofunga duka.

Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma mara tatu. Unataka nikuchagulie kamera ya darubini ya shule kabla ya mkutano wa kamati na wazazi Jumamosi ijayo. Iwe moja tu, lakini ifanye kazi mbili: kupiga picha za sayari, na kuiongoza darubini isipotee njia. Kisha ukaongeza kwa wino mwekundu, kama unayesahihisha daftari, kwamba nisikuletee maneno mengi, kwa sababu unataka ileile niliyo nayo mimi, iliyoona Doa la Mama. Nitakujibu kwa mpangilio. Wewe mwalimu wa fizikia, bila mpangilio huambiliki.

Nianze na sayari. Umeniandikia kuhusu megapikseli ishirini kana kwamba unanunua shamba. Kaka, Mshtarii ukiipiga picha kwa darubini yenu itakuwa ndogo kama kifungo cha shati kilichowekwa katikati ya shuka. Ukitandika shuka kubwa zaidi, kifungo hakikui. Kinachotakiwa ni kasi. Hewa iliyo juu yetu inachezacheza wakati wote, kwa hiyo hatupigi picha moja, tunarekodi video ya dakika mbili yenye maelfu ya picha, halafu programu inachagua zile chache zilizotulia na kuzipanga moja juu ya nyingine mpaka mikanda ya sayari ionekane. Kamera inayopiga picha nyingi kwa sekunde ina nafasi kubwa zaidi ya kubahatisha zile zilizotulia.

Kuiongoza darubini ni kazi nyingine kabisa, nayo ni ya mlinzi wa lango. Kamera inakaa nyuma ya kidarubini kidogo kilichofungwa mgongoni mwa ile kubwa, inakodolea macho nyota moja tu. Nyota ikisogea hata kwa unywele, inaiambia mota ya stendi irudi ilipokuwa. Hapo kasi si kitu. Inatakiwa kamera inayoona mwanga hafifu, na yenye tundu la waya wa kwenda kwenye stendi. Moja inaweza kufanya kazi zote mbili, ila si kwa wakati mmoja, na wala hamtahitaji hivyo, maana video ya dakika mbili haihitaji mlinzi. Siku mnayotaka picha ya mawingu ya nyota, ile kamera ya mwalimu wa sanaa anayopigia harusi itakaa kwenye darubini kubwa, na hii ndogo italinda.

Sasa, dukani. Kuna mzee anayeuza kamera na darubini kati ya fundi wa funguo na mshona sare za shule. Sisi wa mtaa huu tunamwita Subiri, kwa sababu ukimuuliza lolote anasema subiri, anaingia nyuma ya pazia na kukaa huko. Jumanne nilipofika aliniuliza mume wangu anatumia darubini ya aina gani. Nikamwambia mume bado hajapatikana, darubini ndiyo imepatikana. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na mimi nikaona papo hapo kwamba lenzi zake zimekatwa vibaya, kitovu cha lenzi hakikukaa mbele ya mboni. Nikamwambia ndiyo maana kichwa kinamuuma jioni. Akaniuliza nimejuaje. Niliichukua miwani yake, kesho yake nikamrudishia ikiwa na lenzi zilizokaa sawa, na tangu hapo ananiruhusu nichukue kamera nikajaribu nyumbani, mradi nimwachie kitambulisho changu.

Nimejaribu tatu. Ya kwanza ndiyo ungeipenda wewe. Ni kubwa, ina feni ya kuipoza, na boksi lake lina picha za kutia wazimu. Nilipoifunga kwenye kidarubini kidogo, kilipinda shingo kwa uzito. Nikairudisha. Ya pili ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na sina neno baya juu yake. Inaona nyota ambazo nyingine hazioni. Lakini ukitaka Mshtarii yenye rangi zake lazima uwe unabadilisha vioo vitatu vya rangi, na nakuapia, wanafunzi wako watavunja kimoja wiki ya kwanza na kupoteza cha pili wiki ya pili.

Ya tatu ni ya rangi, ndogo, inaenea kwenye kiganja. Mchana niliielekeza kwenye antena iliyo juu ya paa la mbali nikaona kutu yake. Kwenye Mshtarii ilinipa picha mia moja na hamsini kwa sekunde bila kukwama. Nikaihamishia kwenye kidarubini kidogo, nikaipa nyota ya kulinda, ikailinda nusu saa nzima huku mimi nakunywa chai. Katika mwanga hafifu inazidiwa kidogo na ile ya pili, lakini kila nilikoelekeza nilipata walau nyota moja ya kushika. Chukua hiyo. Jina na namba yake nimeziandika kwenye kikaratasi nilichobana na barua hii. Hakikisha tu kompyuta ya shule ina lile tundu la USB lenye rangi ya buluu ndani, la sivyo itajikokota na mtailaumu kamera bure.

Ya kwangu usiitake. Ni nzee, inapiga picha kumi na tano kwa sekunde ikiwa imeamka vizuri, na kiwanda kimeacha kuitengeneza. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuitaja mbele ya watu. Ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza mimi hushukuru na kunyamaza.

Kaka, Doa la Mama ni vumbi.

Si doa lililo kwenye Mshtarii. Ni chembe ya vumbi iliyotua juu ya kioo cha kamera yangu, pengine unga wa lenzi kutoka hapa hapa kazini, maana unga huo nauvaa kutwa na kupanda nao ngazi. Nikueleze ilivyokuwa, uone mwenyewe kwamba sikukusudia. Kwa kawaida sayari inatangatanga ndani ya picha, na programu ikizipanga picha inaifuata sayari, kwa hiyo kama kuna vumbi linatawanyika na kufifia. Lakini mimi najisifu kwa mkono wangu. Jioni ile niliishika Mshtarii kwa vifungo vya stendi, nikaiweka katikati kabisa, ikakaa pale pale dakika mbili nzima haikutikisika. Vumbi nalo likakaa pale pale juu ya uso wa sayari, katika kila picha. Mtu mzembe asingepata doa lile. Mimi nililipata kwa ustadi wangu.

Nilipokutumia ile picha nilikuwa naamini kabisa. Naomba uamini hilo hata kama hutaamini lingine. Sikutegemea jibu. Ulikuwa mwaka wa sita tangu siku ile niliyofika nyumbani Mama akiwa ameshazikwa. Nilikuwa mlimani na wenzangu kuangalia jua likipatwa, simu nimeizima, na wewe ukaniambia mbele ya ndugu wote kwamba nirudi kwenye nyota zangu, hapa hakuna aliyebaki wa kuniita. Nikarudi. Miaka sita, kaka, hata salamu ya mkono wa mtu. Halafu nikatuma picha, na wiki mbili baadaye ikaja barua yako. Uliandika kwamba doa lile lilikukumbusha alama nyeusi iliyokuwa shavuni kwa Mama, mahali palepale, chini kidogo kushoto. Ukaandika kwamba wanafunzi wako wameliita Doa la Mama, na kwamba mlikuwa mnaanzisha chama cha nyota. Na mwishoni ukaniita mdogo wangu. Nililia hadi mwenzangu wa kaunta ya duka akaniuliza nani amefariki.

Nikasema nikuongezee zawadi. Jioni ile nilirekodi video mbili, ya pili nusu saa baada ya ya kwanza, sayari ikiwa katikati vilevile, na ile ya pili sikuwahi kuipanga. Nikaipanga. Wewe unajua Mshtarii inajizungusha mzunguko mzima kwa saa chini ya kumi. Katika nusu saa kila kitu usoni mwake kilikuwa kimesogea, vifundo vya mkanda wa chini vimeelekea ukingoni kama inavyopaswa. Doa halikusogea. Lilikuwa limeganda palepale, chini kidogo kushoto. Nikafungua kamera, nikaitazama kwa kioo changu cha kukuzia ninachokagulia mikwaruzo ya lenzi, nikaliona. Nikalipuliza, likaondoka.

Hiyo ni miezi tisa iliyopita. Miezi tisa unaniandikia, nami nakujibu. Umeipachika picha ile kwenye ukuta wa maabara, umeniita shuleni kwa barua ya mkuu nikatoa visingizio, na mimi nikakuacha univike kilemba cha ukoka kwa sababu niliogopa kwamba doa likiondoka, na wewe utaondoka. Hiyo ndiyo kweli yote, na si nzuri. Ningeendelea kunyamaza, lakini Jumamosi unataka kusimama mbele ya kamati na wazazi na kuinua picha ile uwaombe kamera kwa jina la Mama. Siku mwanafunzi wako mmoja atakapojua hesabu ya mzunguko wa Mshtarii, na atajua kwa sababu wewe ndiye unayemfundisha, utaonekana mwongo wewe, si mimi.

Kwa hiyo usiiinue. Kwenye bahasha kuna flashi yenye video zote mbili. Ziangalie peke yako kwanza. Nimeomba ruhusa kazini siku mbili, na tiketi ya basi la Ijumaa adhuhuri ninayo. Nitakuja kwenye mkutano huo na kuwaeleza mimi mwenyewe, mbele ya kamati na wanafunzi wako, kwamba nilikosea, na kwamba nilipojua nilinyamaza. Baada ya hapo nitawaonyesha hiyo kamera ya tatu inavyofanya kazi. Mzee Subiri amekubali niibebe.

Barua hii nampa kondakta wa basi la jioni, kwa hiyo kesho utakuwa nayo. Kama hutaki kunitia machoni, nitaelewa, na safari hii utakuwa na haki. Usipate taabu ya kuniandikia. Mwambie wifi anipigie simu kabla ya Ijumaa adhuhuri aseme tu nisije, nami sitamuuliza neno. Asiponipigia, napanda basi.

Nisalimie walimu wenzako, na mwalimu wa sanaa mwambie aifute kamera yake vumbi kabla hajamwazima mtu. Wifi apone, watoto wakue. Mimi naendelea na lenzi za watu mpaka Ijumaa, simu nitaiweka juu ya meza ninapoiona, na kila itakapolia nitazima mashine kwanza nikidhani ni wifi.

Ni mimi mdogo wako, ukiwa bado unaniita hivyo,

Fundi Miwani